Saa Kumi na Tatu Hadi London

Asubuhi ambayo Maweu na baba yake walikuja kuniposa, chai ilinifurikia jikoni mara tatu. Mara ya tatu Mama alicheka. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba pale uani, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya mto.

"Jumwa," aliniita, "hata hiyo sufuria imejua."

"Imejua nini, mama?"

"Kwamba kichwa chako hakimo humu jikoni."

Nilifuta majivu yaliyolowa, nikainamisha uso. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma hadi darasa la nne, kisha baba akafariki, nikarudishwa nyumbani kumsaidia Mama na kumlea mdogo wangu Kache. Tangu hapo maneno yangu yalikuwa machache hata baadhi ya majirani zetu wa Mkongani wakadhani nina kasoro ya ulimi. Maweu peke yake hakuwahi kuniuliza kwa nini sisemi. Alikaa tu akingoja, kama mtu anayengoja mvua ambayo ameshaisikia harufu yake.

Tulijuana kwa kazi. Serikali ilipotaka kujua shamba letu linaishia wapi, na mashamba ya Wakamba waliopewa ardhi Shimba Hills yanaanzia wapi, ilimtuma Maweu na wenzake pamoja na mnyororo wa chuma wa kupimia. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Wakamba wale. Mjomba Chome, kaka yake Mama, ambaye ndiye tuliyekaa kwake, alikataa mnyororo ule ushikwe na Wakamba ncha zote mbili.

"Ncha moja washike wao, moja tushike sisi," alisema. "La sivyo nitaamka siku moja nijikute nimelala Ukambani."

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeweza kusoma tarakimu, nilipewa ncha yetu. Siku tano nilikuwa futi sitini na sita mbali na Maweu, chuma kikiwa katikati yetu. Kuzungumza kwa umbali ule ilibidi kupiga kelele, nami sikuwa mtu wa kelele. Akanifundisha alama: akivuta mara moja nisimame, akivuta mara mbili nije. Siku ya tano kazi ilikuwa imekwisha, vigingi vimepigwa vyote, wenzake wanakunja vitu vyao. Nikahisi mnyororo unavutwa mara mbili. Nikaenda.

Mwaka mmoja sasa ulikuwa umepita. Ulikuwa mwezi wa tisa, na bendera yetu mpya ilikuwa haijatimiza mwaka. Kila wiki tulisikia fulani kapelekwa ng'ambo kusoma, arudi ashike kazi za Wazungu wanaoondoka. Kisha siku moja fulani huyo akawa Maweu. Alichaguliwa kwenda London kusomea upimaji wa ardhi, miaka minne. Zilikuwa zimebaki siku nane tu aondoke, na alitaka nimvalie pete ya uchumba kabla hajapanda ndege.

"Hodi hapa! Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani," Mjomba aliitika.

Niliingia chumbani nikasimama nyuma ya mlango, kwa sababu mwali anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Ufa wa mlango ulinitosha. Mzee Nthiwa, baba yake Maweu, alikuwa amevaa koti zito licha ya jua, na mkononi ameshika kibuyu. Maweu alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ilisimama. Aliinama mbele ya Mama.

"Shikamoo, mama. Miguu inaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Miguu ipo. Inaninyima safari tu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Mjomba alikipokea kibuyu, akatoa kizibo, akanusa. Akanusa tena.

"Mzee Nthiwa. Hiki ni kitu gani?"

"Ni asali, mzee. Imetoka kwa mizinga yangu mwenyewe. Sisi watu wa kanisa hatuguzi pombe."

"Kwetu Waduruma, posa hufunguliwa kwa kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi. Anakunywa mwenye binti, anampa ndugu, mwisho anaonja binti mwenyewe, na maneno yamekwisha. Sasa asali hailevyi. Nitamtoaje Jumwa hali nina akili zangu zote?"

"Wewe onja kwanza. Ukishikwa na utamu utamtoa mwenyewe."

Mjomba alichovya kidole, akakiweka mdomoni. Akachovya tena. "Dada," akamgeukia Mama, "huyu mzee ni mtu hatari."

Wote wakacheka, nami nyuma ya mlango nikaziba mdomo kwa kanga. Maweu aliinua macho, akautazama ule ufa. Hakuweza kuniona, lakini alijua. Macho yake yalibaki pale kidogo, yametulia, na mimi nikahisi joto likinipanda shingoni kana kwamba amenigusa.

Kisha Mjomba akaweka kibuyu chini.

"Kijana, umetupimia shamba letu na hukutuibia hata hatua moja. Nilikufuata nyuma siku ya pili nikipima kwa miguu yangu, hukuniona. Kwa hiyo sina neno na mikono yako. Wala Ukamba wako si neno. Neno langu ni moja, na nitalisema mbele ya dada yangu."

"Sema, Chome," Mama alisema. "Mimi si mtoto."

"Dada yangu hakujaaliwa mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili. Moyo wake hauna nguvu. Mwaka huu amelazwa Msambweni mara mbili, na mara ya pili daktari alimkataza hata kubeba ndoo ya maji. Sasa, kwetu sisi, mwanamke asiye na mwana wa kiume hupokewa kaburini na mkwe wake wa kwanza, mume wa binti mkubwa. Mkwe huyo ndiye hushuka shimoni, ndiye humlaza. Si jirani, si mpita njia. Akikosekana, tutasemwa mpaka wajukuu wetu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mjomba."

"Yuko Waziri, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Lunga Lunga. Ameshanitumia watu mara mbili kumwulizia Jumwa. Waziri akiitwa alfajiri, adhuhuri lori lake liko hapa mlangoni. Wewe tukikuita kutoka huko London, utafika lini?"

Nilishika mbao za mlango. Nilijua kwamba kila kitu kimesimama juu ya swali lile.

Maweu alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti. "Nimeandikiwa safari yote, mjomba. Ndege inaondoka Nairobi saa nne asubuhi. Inatua Entebbe, inatua Khartoum, inatua Roma. Ikifika saa tano usiku kwa saa zetu, iko London. Jumla ni saa kumi na tatu."

"Kwa saa zetu? Kwani wao wana saa zao?"

"Wako nyuma yetu kwa saa mbili. Kwao itakuwa saa tatu usiku."

"Kwa hiyo mtu akitoka kwao kuja huku anazeeka saa mbili za bure," Mjomba alisema. "Haya. Na ni mbali kiasi gani?"

"Ndege ingekata moja kwa moja, maili elfu nne na mia mbili na hamsini. Inapindapinda kidogo, kwa hiyo ni zaidi."

"Maili sizijui. Nipe kwa ule mnyororo wako."

Maweu alifumba macho kidogo. "Maili moja ni minyororo themanini. Ni kama laki tatu na elfu arobaini, mjomba."

Mjomba alipiga mluzi. "Laki tatu na arobaini! Sisi tulipima siku tano tu na mgongo ukaniuma wiki nzima. Na zote hizo kwa saa kumi na tatu?"

"Kumi na tatu," Mama alirudia, polepole. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya shuka. "Alfajiri, adhuhuri, magharibi... Kumbe si mbali! Baba yake Jumwa alipokuwa anapeleka mbuzi mnadani Taru tulilala njiani siku mbili. Chome, si mbali."

Sijui nitauelezaje uso wa Mama wakati ule. Tangu arudi hospitali alikuwa akitazama vitu kama mtu anayeviaga: sufuria, kuku, nywele za Kache. Sasa alimtazama Maweu kwa furaha safi ya mtu aliyekuwa na hofu moja tu na ameondolewa. Alimpenda, nami nilijua. Alikuwa anaogopa kumpenda.

"Basi Waziri na lori lake ni kobe," Mjomba alisema. "Mzee Nthiwa, kanisa lako litanisamehe, leo asali itafanya kazi ya tembo." Akainua kibuyu kwa mikono miwili, akanywa. Akampa Mama. Mama alilamba, akafumba macho kwa utamu. Kisha Mjomba akaita, "Jumwa! Mwanangu, njoo."

Nilitoka. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Mama alininyooshea kibuyu. Nilinyoosha mikono yangu. Kilikuwa kimebakisha shibiri moja kunifikia.

"Mjomba, samahani," Maweu alisema. "Hesabu hiyo bado haijakwisha."

Niliona kiatu cha Mzee Nthiwa kikikanyaga mguu wa mwanawe. Maweu hakuusogeza mguu, lakini hakunyamaza.

"Saa kumi na tatu ni za ndege peke yake," aliendelea, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Swali lako lilikuwa lini nitafika hapa. Kwanza habari inifikie. Mtu atoke hapa aende Kwale, telegramu ipigwe, inifikie mimi: siku moja. Niombe ruhusa chuoni. Halafu ndege za kuja huku si za kila siku. Nikishuka Nairobi kuna gari la moshi la usiku kucha mpaka Mombasa, kisha feri ya Likoni, basi, na mguu kupanda mpaka hapa."

"Siku ngapi?"

"Tano. Nikiwa na bahati, nne."

"Sisi tunazika siku ile ile, au kesho yake."

"Najua, mjomba. Na lingine." Alikunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Tiketi niliyopewa ni ya kwenda. Ya kurudi nitapewa masomo yakiisha. Katikati hapo, nauli ya ndege siwezi kuipata. Hata baba akiuza kila alichonacho haitoshi."

"Kwa hiyo jibu la swali langu ni nini?"

Maweu alimtazama Mama, si Mjomba. "Jibu ni kwamba sitafika."

Kuku mmoja alipita katikati ya mkeka akidonoa, na hakuna aliyemfukuza. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooshwa. Mama alikuwa bado ameshika kibuyu, lakini kilikuwa kimeanza kuinama, asali ikachuruzika kwenye shuka yake, naye hakuona.

"Chome," alisema Mama mwishowe, "nishushwe na yeyote. Nikishakufa nitajua ni nani kanishika?"

"Mimi nitajua," Mjomba alijibu.

"Mzee," Mzee Nthiwa aliingilia, amesimama nusu, "huyu kijana yangu ni mjinga wa ukweli, tangu mdogo. Mimi niko hapo Shimba Hills, saa moja kwa mguu. Siku ikifika, mimi nitaingia kwa hiyo kaburi kwa niaba yake."

"Wewe ni mkwe wa nani, mzee mwenzangu?"

Mzee Nthiwa alikaa.

Mjomba alikichukua kibuyu kutoka mikononi mwa Mama, taratibu, kama unavyomwondolea kisu mtoto. Akakitia kizibo, akakipiga kwa kiganja kiingie sawasawa, akakiweka mbele ya Mzee Nthiwa. Kwetu kibuyu kikirudi kimezibwa, hakuna aliye na haja ya kuuliza.

"Kijana," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, "ungenyamaza ningekupa. Nilishakupa. Hukunyamaza, na kwa hilo nakuheshimu kuliko wanaume wote waliopata kukaa kwenye mkeka huu. Lakini heshima haiwezi kushuka shimoni ikampokea mtu. Nenda salama. Soma."

Mama ndiye aliyesema, "Jumwa, wasindikize wageni mpaka barabarani." Mjomba alitaka kukataza, akaona uso wa dada yake, akageukia kuku.

Mzee Nthiwa alitangulia. Alitembea haraka kuliko umri wake, akikohoa kila mara ili tujue yuko mbali na hasikii. Mimi na Maweu tulipita kando ya shamba, kwenye vile vigingi alivyovipiga mwenyewe. Tulivipita vitatu bila neno.

Mwishowe mimi ndiye niliyeanza. Sikuwahi kuanza maishani mwangu.

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Jumwa..."

"Kibuyu kilikuwa hapa." Nilimwonyesha kwa mikono. "Hapa, Maweu. Kwa nini usingengoja nionje, halafu useme?"

"Ningemdanganya mama yako?"

"Ndiyo."

Alisimama. Nadhani hakutarajia.

"Ndiyo," nilisema tena, na machozi yakaanza. "Ungemdanganya. Watu wanadanganya kwa mambo madogo kuliko mimi."

"Alikuwa anahesabu kwa vidole," alisema. "Ulimwona? Alikuwa amefurahi kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Siku yenyewe ingefika, wewe ungekuwa umesimama hapo na maiti ya mama yako, watu wote wanatazama njia, na mimi siji. Ningewezaje kukufanyia hivyo?"

"Na hiki umenifanyia leo ni nini?"

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na ule ukali wa mtu anayeshika chuma kila siku, na bado kilikuwa kinanishika kwa upole kana kwamba mkono wangu ungevunjika. Mbele yetu Mzee Nthiwa alikohoa, mbali.

"Nisubiri," alisema. "Miaka minne si mingi. Nitarudi na kazi nzuri, nitamwendea mjomba tena, nitaleta hilo tembo lao, mapipa kwa mapipa."

"Mjomba hatasubiri miezi minne. Mama je?"

"Mama anaweza kuishi mpaka..."

"Unamhesabia na yeye?"

Alirudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Niliona amejuta, lakini sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Barabara ilikuwa imeshaonekana, nyekundu, na vumbi la gari lililopita lilikuwa bado halijatua. Nilijua kwamba nikifika pale sitapata tena ujasiri huu, na pengine sitaupata maisha yangu yote. Nikasimama. Nikamtazama usoni, mimi ambaye hata mwuza chumvi simtazami usoni.

"Baki," nilisema.

"Jumwa."

"Usiende. Baki hapa upime mashamba kama unavyopima sasa. Saa moja kwa mguu kutoka kwetu. Nenda sasa hivi ukamwambie Mjomba, atakipokea kibuyu kwa mikono miwili."

"Unajua ni vijana wangapi waliomba nafasi hii?"

"Sikuuliza vijana. Nimesema baki."

Macho yake yalijaa. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati wowote, na nadhani ndiyo maana niliona kila kitu waziwazi. Alitazama barabara, alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama huko mbele na kibuyu chake kilichokataliwa chini ya kwapa, akanitazama mimi. Maweu hakujua kusema uongo, na siku ile hakutaka kusema kweli. Basi alinyamaza. Tulisimama muda mrefu hivyo, mkono wangu ukiwa ndani ya wake, na kila pumzi aliyovuta bila kusema neno ilikuwa inanijibu.

Nilitoa mkono wangu.

"Ndege ni Jumamosi?" niliuliza.

"Ni Jumamosi. Ijumaa jioni napanda gari la moshi Mombasa. Nikifika tu nitakuandikia."

"Barua inachukua siku ngapi?"

"Kwa ndege, wiki moja. Labda siku kumi mpaka ifike Kwale."

"Basi usiandike. Itakapofika itakuta mke wa mtu."

Nilisema kwa hasira tu, nikidhani natia chumvi. Niligeuka nikarudi. Sikuangalia nyuma, wala yeye hakuniita. Nilitamani aniite. Hata leo nikiwaza njia ile, nawaza mgongo wangu, jinsi ulivyokuwa unasikiliza.

Siku saba nilifanya kazi kama punda. Nililima, niliteka maji, nilifua shuka ile yenye asali mara mbili kwa sababu sisimizi walikuwa hawaiachi. Mama hakunisemesha juu ya Maweu, ila jioni moja nilipokuwa namkanda miguu alisema, "Asingesema, mwanangu, ningekufa nikimngoja." Sikujua kama anamlaumu au anamshukuru. Nadhani hata yeye hakujua. Miguu yake ilikuwa baridi, na kidole kilipobonyeza kiliacha shimo.

Jumamosi, jua halijakolea, tulisikia lori. Mjomba alikuwa amempelekea Waziri habari siku ile ile ya asali bila kumwambia mtu.

Ningependa kusema kwamba Waziri alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, amevaa kanzu safi, na aliacha viatu mbali na mkeka. Yeye ni Mwislamu, tembo halinywi, lakini alikuja na mzee mmoja wa Kiduruma kutoka Lunga Lunga aliyebeba kadzama kwa niaba yake.

"Asalaam aleikum. Mzee Chome, mimi hiki sikigusi," alisema, "lakini nimesikia nyumba hii kuna aliyeletewa asali akaumwa tumbo."

Mjomba alicheka mpaka akajipangusa macho. "Huyu anaijua mila hata isiyokuwa yake. Kaeni, kaeni."

Maneno hayakuwa marefu. Nilikuwa nyuma ya mlango ule ule, lakini sikuchungulia. Nilikuwa natazama kivuli cha dirisha sakafuni na kuhesabu. Saa nne ilipofika nilijua, kwa sababu Waziri alikuwa na saa ya mkononi na yule mzee wake alimwuliza wakati huo huo. Saa nne. Nairobi ndege imeondoka. Mtu mwenye shati jeupe amekaa ndani yake, magoti pamoja, amekunja karatasi yake.

"Jumwa! Njoo, mwanangu."

Nilipiga magoti pale pale. Mjomba alikunywa. Mama alionja kidogo, akakunja uso kwa ukali wa tembo. Kisha Mjomba akaniuliza kama mila ilivyo:

"Jumwa, binti wa dada yangu. Mgeni huyu unamtambua? Kibuyu hiki tukinywe au tukirudishe?"

Kwetu msichana anayekubali hasemi kitu. Anayekataa ndiye hunena, na akinena hata neno moja, kibuyu kinarudi kimezibwa, hata kama mwenye kukileta ni mfalme. Nilipewa nafasi yangu, siwezi kusema sikupewa. Wote walinisubiri. Waziri aliinamisha macho kwa adabu ili asinisukume. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama mikono ya Waziri, imewekwa juu ya magoti, mipana, mikono ya mtu aliyezoea kubeba ndama.

Neno lilikuwepo. Lilikuwa kooni. Nilijua ningelisema kwa nani, na huyo hakuwa tena mahali ambapo sauti yangu ingemfikia.

"Haya," alisema Mjomba taratibu. "Binti amekubali."

Jirani mmoja aliyekuja kutazama alipiga vigelegele, Kache akamfuata bila kuelewa. Nilionja, tembo likaniunguza ulimi. Waziri aliinuka, akamwendea Mama kitandani, akachuchumaa ili wawe sawa.

"Mama," alisema, "mimi si msemaji. Lakini ukiniita mchana, ukiniita usiku, mvua au jua, mimi nitafika."

Mama alimshika mikono yote miwili, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea akaonekana. Sikuwa nimemwona akilia hivyo hata siku tulipomzika baba. Sikuweza kumchukia Waziri baada ya hapo, na sikuweza kumpenda. Nilibaki kwenye mkeka na kibuyu mapajani.

Mzee wa Lunga Lunga alikuwa na haraka ya kurudi. "Waziri, saa ngapi hiyo?"

Waziri alikunja mkono wa kanzu. "Saa sita kasorobo."

Saa sita kasorobo. Ndege ilikuwa bado chini Entebbe, inajazwa mafuta. Maweu alikuwa hajaona Khartoum, hajaona Roma, zilikuwa zimembakia saa kumi na moja na robo nzima za safari yake. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mchumba wa mtu.